Kiraka kwenye Koti Zima

4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu zangu zikufikie, na za nyumba nzima pia, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi, saa ya ukutani inayodai kila wakati ni saa sita, na jirani yangu Nesi, ambaye tangu astaafu hospitali anaingia bila kubisha hodi. Anasema amebisha milango ya wagonjwa maisha yake yote, sasa vidole vimechoka. Nakuandikia kwa sababu mimi na simu tumeachana: wewe unasema, mimi nasikia upepo. Na kalamu bado tunaelewana.

Duka linaendeleaje? Wapangaji wenzako wameacha kugombania maji? Mimi sijambo. Nina kikohozi kidogo tu, cha vumbi.

Sasa lililonifanya niitafute miwani. Shule niliyoiongoza inafungua maktaba mwezi wa sita, na wanafunzi wangu wa zamani wameamua kuipa jina langu. Niliwaambia majina huandikwa makaburini, wakacheka, wakadhani natania. Watakuja wengi, wengine wana wajukuu sasa. Nataka niingie pale getini nimevaa koti langu la kijivu, lile unalolijua tangu hujaota meno, na nataka liwe na kiraka.

Umesoma vizuri. Kiraka kimoja, cha rangi kali, kama hivyo unavyowashonea vijana wako. Kionekane kutoka getini hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani. Pa kukiweka utapaona mwenyewe. Koti linakuja kwa basi, nimelifunga kwa kamba nyekundu.

Usiniulize maswali. Wewe shona.

Mjomba wako

26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nimeze mbili. Kwetu wazima. Maji bado tunagombania, ila sasa kwa zamu. Duka langu bado lipo katikati ya duka la dawa na saluni, kwa hiyo nanuka spiriti upande mmoja na nywele zilizoungua upande mwingine. Wateja wanakuja na kichwa kinauma, wanaondoka na kiraka.

Juzi alikuja kijana na suruali mpya kabisa, karatasi ya dukani bado inaning'inia. Anataka kiraka cha radi gotini. Nikamuuliza, "Tundu liko wapi?" "Hakuna tundu, fundi, nataka urembo tu." Nikamwambia, "Kwangu hakuna kiraka bila tundu. Nenda ukaanguke kwanza." Mjomba, jioni alirudi! Suruali imechanika, goti linavuja damu, anacheka kama aliyefaulu mtihani. Nikamshonea radi yake, na jirani wa duka la dawa akampaka dawa.

Nakueleza hayo ili uelewe. Koti lako nimelikagua. Nimeligeuza ndani nje, nimeliinua dirishani, nimepitisha kiganja mikono yote miwili, kola, mifuko, pindo. Ni zima. Nondo wenyewe wameliogopa. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuimbia tukiwa watoto: "Tunzeni nguo kama mimi na koti langu." Sasa nikate wapi? Kuna mama fulani mtaani anayekutoa akili? Niambie ukweli, nitajua rangi ya kuchagua.

Halafu kuna mama yangu. Unakumbuka alivyoviita viraka vyangu: mabango. "Fundi huficha aibu ya mteja, wewe unaitangazia bango." Alisema mbele ya wateja. Nikachukua mkasi wangu nikahama mji. Baadaye tulisalimiana, tukala pamoja, lakini lile hatukulirudia, na sasa halirudiwi. Leo nikaweke bango kwenye koti la mdogo wake? Atainuka huko aliko.

Nilirudishe?

Na kikohozi cha vumbi huisha mvua ikinyesha. Nasikia huko kwenu imenyesha.

Mpwa wako

10 Machi

Fundi,

Marahaba, na marahaba ya pili ya yule kijana wa goti. Huyo angekuwa mwanafunzi wangu ningempa zawadi ya utii.

Paa la jikoni limeacha kuvuja. Nesi ameleta paka wake akae nami mchana, eti tufanye mazungumzo. Paka ananisikiliza vizuri kuliko baraza la walimu.

Nimesahihisha barua yako kwa kalamu nyekundu, ugonjwa wa kazi hauponi. Ucheshi, nane kwa kumi. Utafutaji, sifuri. Na umesahau nukta mbili; unajua wanafunzi hawakuniita Bwana Nukta bure. Kuhusu mama fulani wa mtaani, Nesi ameisoma sentensi hiyo juu ya bega langu akasema hata angekuwepo, angekuwa ameshakimbia.

Tundu lipo, Fundi. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba kiganja changu kingepenya. Nililiona kwa macho haya, na nililia kama mtoto. Zaidi ya hapo nimefungwa mdomo na mtu ambaye hawezi tena kunifungua. Nikikuonyesha kwa kidole nitakuwa nimevunja ahadi. Ukilipata mwenyewe, mimi sikusema kitu. Ndivyo tulivyokuwa tukifundisha: jibu haliandikwi ubaoni, lakini chaki unailaza karibu nalo.

Basi chaki ni hii. Usitafute tundu. Mtafute mama yako.

Mjomba wako

19 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Huku hatujambo, ila nilikuwa nimekasirika. Nilisema mjomba amezeeka, anacheza na mimi kitendawili, na mimi nina sare za hoteli za kumaliza. Nikalitundika koti nyuma ya mlango. Kila nikifunga duka linanitazama kama mkaguzi aliyefika bila taarifa.

Jumapili nililishusha nikalipige pasi nilirudishe. Pasi ilipofika upande wa kushoto wa kifua, bitana ya ndani ilikunjamana kidogo. Nikaitazama. Mshono wa kiwandani unakwenda moja kwa moja kama reli, lakini pale kwa urefu wa kidole, mshono ulikuwa wa mkono. Na mwishoni, kabla uzi haujakatwa, sindano ilikuwa imerudishwa nyuma kidogo, kisha ikazamishwa. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akimaliza hivyo. Alinipiga vidole kwa rula nilipokuwa nasahau.

Nikaketi chini, Mjomba. Nikafumua bitana.

Upande wa mbele hakuna kitu. Nakuapia hakuna kitu. Ni kijivu na mistari yake myembamba, inashuka kama maji. Lakini kwa nyuma nimekuta mji mzima. Nyuzi zimepita juu na chini ya nyuzi za koti, moja baada ya moja, kila mstari mweusi umeungwa na mweusi wake, kila wa kijivu na kijivu chake. Kilichochanika hakikuzibwa, kimefumwa upya. Nikajiuliza rangi ile aliipata wapi, maana dukani hainunuliki. Nikakimbilia pindo la chini, nikalikunjua. Kumbe ndiko alikokopa. Amechomoa nyuzi za koti lenyewe, mahali ambapo hapatazamwi na mtu, akalitibu koti kwa nyama yake.

Nilifunga duka. Yule wa saluni akagonga: "Fundi, umepata habari mbaya?" Nikamwambia nimepata nzuri, akatazama machozi yangu akaenda.

Mimi najua kazi ya mama. Kaptura za shule, magoti, viwiko, safi na kimya. Hii sikuwahi kuiona. Kwa nini hukuniambia? Nimeishi naye nyumba moja, nikala sahani moja naye, na hajawahi kunionyesha kwamba anaweza hivi!

Na sasa nimekwama. Kiraka changu kikikaa juu, kitaizika kazi yake mara ya pili. Nikitaka ionekane kwa mbele, lazima nichomoe uzi mmoja, angalau mmoja, uache alama. Nilishika kibano. Nikaushika uzi. Mkono umekataa.

Nimelipata tundu. Sasa sema.

Mpwa wako

3 Mei

Binti wa dada yangu,

Mia kwa mia, na nukta zote zipo. Leo sianzi na habari za nyumba, kwa sababu habari ya nyumba imebaki moja na nitaifikia mwisho.

Sikusema mimi, umesema wewe, kwa hiyo ahadi imemaliza kazi yake. Nisikilize.

Nilikuwa nimeitwa kuhojiwa kwa nafasi ya ualimu mkuu. Koti lilikuwa jipya, la kwanza maishani mwangu, na mahojiano yalikuwa kesho yake. Nikalivaa kwenda nalo shuleni, nilione kwenye macho ya wenzangu. Nyuki wakashuka kutoka kwenye paa la darasa la tano. Mwalimu mkuu mtarajiwa akaruka uzio wa waya mbele ya wanafunzi wake wote, na waya ukabaki na kifua cha koti. Nilifika kwa mama yako sikio moja limevimba kama andazi, kitambaa kinaning'inia.

Hakunipa pole. Alisema, "Nyuki wamekupenda. Vua."

Akaketi dirishani. Akachomoa nyuzi kwenye pindo kwa ncha ya sindano, akazilaza pajani, nyeusi huku, kijivu huku. Mimi nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikashika kikombe cha chai nisichokinywa. Mpwa wangu, nimesoma vitabu vingi, nimeketi nyuma ya madarasa ya walimu hodari nikiwaandikia taarifa. Sijapata kuona akili ya mtu ikifanya kazi kwa utulivu kama ule. Hakupima kitu. Aliuliza kitambaa kwa kidole, akasubiri, kisha akaingiza sindano, kana kwamba amejibiwa. Mara moja tu aliinua kichwa akasema, "Usipumue juu yangu." Alipomaliza akanirushia koti. Nililitafuta jeraha lake nisilione. Yeye akawa anajinyoosha mgongo na kulalamika kwamba chai yangu imepoa bure.

Nikafungua mdomo kumsifu, akanizibia kwa kiganja.

"Usiseme. Si kwangu, si kwa mtu yeyote. Wakijua limeshonwa, watalitazama koti. Mimi nataka wakutazame wewe."

Wakanitazama mimi. Nafasi nikapata. Na kila nilipowaambia nyinyi watoto mtunze nguo kama koti la mjomba, mama yako alikuwa jikoni akicheka peke yake.

Kuna sababu nyingine, na hii unaijua nusu. Kwetu fundi hasifiwi usoni. Babu yako alikuwa mwashi. Ijumaa moja tajiri mmoja alimsifia ukuta wake mbele za watu, na Jumatatu ukuta ukalala chini kama ng'ombe. Tangu hapo sifa zikapigwa marufuku nyumbani kwetu, kama kuchezea kiberiti. Ukimletea kazi nzuri, alitoa mguno. Sisi tulijifunza kuisoma miguno yake, upi wa "vizuri" na upi wa "vizuri sana." Mama yako alirithi sheria, akasahau mguno. Wewe ukakua kwenye nyumba yenye kimya kabisa, ukadhani kimya kile ni jibu.

Sasa hili ndilo ninaloungama kabla pumzi haijaniishia.

Mwaka wake wa mwisho tulikuwa tukitembea sokoni, amenishika mkono. Mbele yetu mchukuzi ameinama anavuta gunia. Suruali yake, pale pa kukalia, ilikuwa na jogoo. Jogoo mwekundu, mkia kijani na njano, mdomo wazi anawika. Mama yako akasimama kama aliyeitwa. Kisha, mwanamke na heshima zake, mbele ya soko zima, akainama kuyachunguza makalio ya mwanamume asiyemjua.

"Mama, vipi tena?" mchukuzi akauliza.

"Simama hivyo hivyo, mwanangu, usigeuke. Nani kakushonea?"

"Fundi mmoja huko mjini. Binti mkali kama pilipili. Aliifukuza suruali yangu mara mbili, eti nikaifue kwanza."

"Ndiye," mama yako akasema.

Akapitisha kidole kumzunguka jogoo mzima, unyoya kwa unyoya. Watu wakacheka. Muuza vitunguu akauliza foleni inaanzia wapi. Mchukuzi wa watu akavumilia, ameshika gunia lake, anatazama mbele kama askari wa gwaride. Mama yako alipoinuka macho yalikuwa yamelowa.

"Mdogo wangu, umeona kona za mkia? Kitambaa hakijavutwa hata kidogo. Mimi kona za namna ile zimenishinda mpaka nimezeeka. Na tazama anavyotembea huyu kijana. Mimi nimewashonea watu wapite wasionekane. Huyu amemshonea mtu mpaka anataka kuonekana. Kiraka chenyewe hakiombi radhi!"

Njiani kurudi alikuwa akicheka na kurudia, "Hakiombi radhi." Mlangoni akageuka. "Usimwambie. Akijua mapema mkono utalegea. Akija nitamwambia mwenyewe."

Ulikuja kumzika.

Maneno yale si yangu, ni yako. Nimekuwa nayo kama mzigo wa mtu uliosahaulika stendi, nikiogopa kuufungua na nikiogopa kuuacha. Nimekukabidhi.

Sasa habari ya nyumba. Kikohozi si cha vumbi. Daktari alinieleza kwa maneno marefu, nikamwomba aweke nukta. Akaweka. Mwezi wa sita bado naweza kuufikia nikienda polepole. Nataka watu wale wajue ni mkono wa nani ulionivusha ule mlango wa mahojiano. Namna ya kuwaonyesha bila kuchomoa uzi, mimi siijui. Wewe ndiye fundi.

Mjomba wako

*Fundi, ni mimi jirani. Naongeza chini hapa akiwa amesinzia. Amesema "polepole" lakini hata ngazi ya mlangoni hapandi tena, tunambeba na kiti. Barua hii ameiandika siku nyingi, mstari mstari. Usichelewe na hilo koti. — Nesi*

20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Maji yapo, jirani wa saluni amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Yale ya sokoni nimeyasoma. Sitayajibu kwa kalamu.

Koti hili hapa. Naeleza kazi ili Nesi asije akalipiga pasi kwa hasira.

Nimekata ua la alizeti, kubwa kama sahani ndogo. Majani ya ua ni njano tatu tofauti, kutoka gauni la harusi lililokataliwa, mwavuli uliovunjika, na bendera ya timu iliyoshuka daraja. Ukingo wake nimeukunja kwa mkono, kona zote, hakuna gundi. Lakini ua langu halina kitovu. Katikati nimeacha dirisha la duara, na ndani ya dirisha hilo ni koti lenyewe, pale alipofuma mama. Yaani ua ni langu, kitovu ni chake. Sijagusa uzi wake hata mmoja.

Watakaotazama hawataona kitu katikati, najua. Ndiyo kazi yenyewe, haionekani. Kwa hiyo bitana ya upande huo sikuishona tena. Nimeiwekea vifungo vitatu. Ukivifungua na kugeuza, wataona ule mji kwa nyuma. Mama alifunga mlango, mimi nimeweka ufunguo.

Nimekaa nalo siku nzima kabla ya kulifunga. Nilikuwa nawakataza vijana, hakuna kiraka bila tundu. Hili ndilo tundu bora kuliko yote niliyowahi kuyazunguka.

Kuhusu daktari na nukta yake, na hilo pia sitalijibu kwa kalamu. Namalizia sare za hoteli, kisha nafunga duka.

Mpwa wako

18 Juni

Fundi,

Mkono wangu unatetemeka, kwa hiyo maneno mengine ameandika Nesi, na amekubali kutobadilisha kitu ila matusi.

Tulikwenda. Walinibeba na kiti kutoka kwenye gari hadi getini, vijana wanne wa miaka hamsini na kitu, wanagombana nani ameinamisha upande. Pale getini nikasema niwekeni chini. Nikaingia kwa miguu yangu, Nesi kwapa la kulia, fimbo kushoto. Siyo mbali. Niliona kama nchi nzima.

Wakanyamaza. Unajua kimya cha wanafunzi wanapoona mwalimu amevaa soksi tofauti? Kilekile. Walilitazama lile ua. Kisha mama mmoja nyuma, ambaye zamani alikuwa haachi kuongea darasani, akasema kwa sauti, "Jamani, Bwana Nukta amechanua!" Uwanja ukapasuka kwa vicheko, na mimi nikacheka mpaka Nesi akanishika kifua.

Walinipa nafasi niseme. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaiweka mfukoni. Nikawaambia habari ya nyuki, ya uzio, na ya dada yangu aliyeketi dirishani. Nikawaambia mtu waliyemwita mwalimu mkuu aliingia ofisini siku ile amevaa kazi ya mkono wa dada huyo, na kwamba ndani ya hili ua, hapa katikati, koti liliwahi kuwa wazi kiasi cha kupitisha kiganja. Njooni mtazame.

Wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakagusa. Wakatazamana. Nikaona huruma machoni mwao, ile ya kumhurumia mzee. Mwishowe akaja aliyekuwa naibu wangu, ambaye tulimwita Bwana Haiwezekani, maana ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi, kuanzia chaki hadi likizo. Akavaa miwani. Akaweka pua yake kwenye kifua changu. Akasema taratibu, nisiaibike, "Mwalimu mwenzangu, hapa hapajawahi kuchanika. Haiwezekani."

Nikafungua vifungo vyako. Nikageuza.

Alitazama kwa muda mrefu. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama mbele, akatazama nyuma, akatazama mbele tena. Akasema, "Haiwezekani." Sasa kwa sauti ya mtu aliyeingia mahali patakatifu. Watu wakasogea, wakabanana, mpaka nikahofia kifo changu kitakuwa cha kukanyagwa. Yule mama mwongeaji aliuliza jina la dada yangu. Nikalitaja kwa sauti, yote, na la baba yake. Wakalirudia pamoja kama tulivyokuwa tukiitikia mahudhurio.

Na kisha, Fundi, wakaanza kuuliza habari ya ua. Nani amekata? Nani amekunja kona hizi? Mshonaji mmoja alikuwepo, alisoma kwangu, mtu wa maneno machache. Yeye peke yake hakuniuliza. Alipitisha kidole kuzunguka ua lote, kama alivyofanya mama yako sokoni, na akatoa mguno. Nilikulia kwenye miguno mimi. Ule ulikuwa wa "vizuri sana."

Lakini mimi sitaki ule wa kusoma kwa kubahatisha. Namsifu fundi usoni leo, na ukuta ukitaka kulala ulale. Sikiliza. Kazi yako ni nzuri. Nimeitazama tangu kiraka chako cha kwanza na sijawahi kuona kibaya. Mama yako aliponya nguo zisijulikane kwamba ziliumia, na hilo ni jambo kubwa. Wewe umeona jeraha ukalipa ua, na hilo nalo ni kubwa, wala halipungui kwa kusimama kando ya la mama yako. Nimejivunia kuwa mjomba wa mtu kama wewe. Nilipaswa kulisema ukiwa na miaka kumi na mbili.

Usinijibu kwamba ni uzi tu. Najua mnavyojibu nyinyi mafundi. Mtu akisifiwa husema asante, basi.

Mjomba wako

2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua hii haijapanda basi. Nimeiandikia hapa mezani kwako, paka amekalia ukingo wa karatasi, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Nimefika mchana na wewe umelala. Nesi amekataa nikuamshe. Anasema siku hizi unalala sana, ukiamka unaongea kidogo, kisha unarudi. Anasema jana uliuliza kama basi limefika.

Limefika. Duka nimefunga, sare za hoteli nimezikabidhi. Nitakaa.

Koti liko juu ya kiti karibu na kitanda chako. Nesi anasema wageni wanaokuja kukuona wanaanza kwanza kulifungua vifungo na kugeuza, ndipo wanakusalimia wewe. Ameanza kuwagombeza. Mimi nimemwambia awaache.

Mikono yako iko juu ya shuka, ina wino.

Nesi ameniuliza naandika nini kirefu hivyo kwa mtu aliyelala mbele yangu. Nimemwambia ni neno moja tu, ila nimelizunguka, ndiyo kazi yangu. Ukiamka nitainama nikusomee, upande wa sikio linalosikia.

Mjomba, asante.

Mpwa wako